Kivuli Kilicholala Kushoto

Tulimwacha Lenzi ameinama mbele ya picha, kioo cha kukuzia mkononi, kinywa wazi. Najua mmelalamika. Mmoja wenu ameniandikia kwamba shingo ya binti wa watu itakuwa imekauka kwa kuinamishwa wiki nzima. Haya, tumwinue.

Kwa aliyeingia leo bila kupiga hodi: Lenzi yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea historia ya sanaa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kioo chake hakiachi hata akienda kunywa chai. Tasnifu yake inahusu picha moja tu, Mama na Bakuli, fahari ya jumba la sanaa lililopakana na chuo. Inasemekana ni kazi ya mchoraji mkuu ambaye kila mtu humwita Marehemu, kana kwamba hakuna mwingine aliyewahi kufa.

Na wiki iliyopita picha hiyo ililetwa chuoni kwa azima, na Lenzi alisimama mbele ya darasa zima akasema ni bandia.

Ushahidi wake? Kivuli. Mwanga katika picha unaingia kwa dirisha la kushoto, kwa hiyo kivuli cha bakuli kinapaswa kulala kulia. Kinalala kulia kweli. Lakini ukisogea utaona ukingo mwingine mwembamba wa giza, umepigwa kushoto, kulekule mwanga unakotoka. Mchoraji aliyefunzwa hafanyi kosa hilo. Mchora mabango hulifanya hata akiwa anasinzia, kwa sababu herufi za bango huwekewa kivuli upande wa kushoto, jua liwe wapi, mvua iwe wapi. Lenzi alilijua hilo tangu hajaota meno. Baba yake ni mchora mabango.

Basi akainama kuwaonyesha wenzake kosa lenyewe. Ndipo akaona mahali brashi ilipoinuliwa. Rangi ilikuwa imeishia kwa kijimkia chembamba kilichojipinda juu, kama mkia wa mjusi. Wachora mabango mjini ni wengi. Wa mkia wa mjusi alikuwa akimjua mmoja.

"Mbona umenyamaza?" Daktari akauliza.

Daktari huyu hatibu mtu. Ni mwalimu wake, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani na sifa kwa mwanafunzi huzitoa kwa kijiko cha chumvi.

"Hamna kitu, Daktari. Kizunguzungu tu."

"Kizunguzungu kiache hadi kesho jioni. Kesho asubuhi unatetea tasnifu, hapahapa, picha ikiwa mbele yako. Na mkurugenzi wa jumba atakuwa mezani na mimi. Picha ni yake."

"Ndiyo, Daktari."

"Umeniletea kosa. Nimefurahi, sitakuficha. Sasa niletee mkono. Nani alichora? Kosa bila mkono ni umbea, na kwa umbea hatutoi digrii."

Wenzake wakacheka. Lenzi naye akacheka, maana asingecheka angelia.

*

Karakana ya baba yake iko nyuma ya nyumba yao: paa la bati, makopo ya rangi yaliyokauka midomo, harufu ya tapentaini inayokuingia hadi kwenye chai. Mji mzima unamwita Fundi Brashi. Siku hiyo alikuwa anamalizia bango la kinyozi. Herufi zilishakaa, alikuwa kwenye vivuli.

"Usinizibie mwanga, mama," akasema bila kugeuka. Humwita bintiye mama, kwa kuwa binti huyo alirithi jina la bibi yake.

Lenzi akasogea pembeni. Akamtazama akipiga kivuli cha herufi ya mwisho, kushoto, brashi ikishuka taratibu, kisha, kwenye kuinua, kifundo cha mkono kikazunguka kidogo. Mkia ukajipinda juu. Alikuwa ameuona maelfu ya mara na hakuwahi kuutazama hivi.

"Baba. Mama na Bakuli."

Brashi ikasimama hewani.

Wasomaji wangu, hapa mnangoja mzee atetemeke, akane, aangushe kopo. Hata mimi nilingoja. Fundi Brashi aligeuka akiwa anatabasamu.

"Umeijua?"

"Baba!"

"Umeijuaje? Kwa kitu gani? Sema, sema!"

"Kivuli cha bakuli. Na mkia wako."

Mzee akapiga paja, akacheka hadi akashika meza. "Mkia! Nilijua tu mkia utaniumbua. Mkono huu hauna adabu. Na huyo mwalimu wako ameuona? Amesemaje? Amesema ni mkono mzuri?"

"Baba, unajua unachokisema? Mwalimu anataka mkono, kesho nimtaje aliyechora mbele ya watu. Hiyo ni jela."

Kicheko kikaisha. Shangazi, dada wa mzee, aliyekuwa anachambua mchele kizingitini, akaweka ungo chini.

Sasa lazima nimseme kidogo shangazi huyu. Tangu Lenzi aanze chuo yeye hajakubali. Akiulizwa na majirani mtoto anasomea nini, hujibu "usanii", na mtaani mkisema fulani anafanya usanii hamna maana kwamba anachora. Mna maana kwamba ficheni pochi zenu. "Chuo kizima kinamfundisha mtoto kutazama," husema. "Kutazama! Mimi mbona natazama bure?"

"Kumbe usanii wenyewe uko humu ndani," akasema sasa. "Mnasema jela ipi?"

Fundi Brashi akaketi juu ya kopo la rangi, akaeleza. Zamani, Lenzi akiwa bado mgongoni, alikuja kijana mmoja mtunza stoo wa jumba la sanaa. Mpole, ana maneno mazuri. Akasema picha kubwa inapelekwa kutengenezwa, imeingia unyevu, na ukuta hauwezi kukaa uchi mbele ya wageni. Wanahitaji nakala ya muda. Akaileta picha yenyewe karakanani, imefungwa blanketi. Fundi akainakili. Kijana akachukua zote mbili.

"Halafu?"

"Halafu ile ya kweli haikurudi. Nikienda pale naiona yangu. Mwezi huu yangu, mwezi ujao yangu."

"Na ukanyamaza?"

Mzee akatazama mikono yake. "Kwanza niliogopa. Baadaye..." Akasita. "Baadaye nikaona raha. Nitakudanganya ya nini? Watu walikuwa wanalipa kiingilio, mama. Wanasimama mbele yake kimya. Kuna mzungu alitoa machozi. Nimeandika majina ya mji huu mzima. Kinyozi, fundi cherehani, daktari wa meno, marehemu makaburini. Jina langu haliko popote. Lakini mkono wangu ulikuwa pale, katikati ya wakubwa."

Lenzi akaacha kumtazama baba yake. Alikuwa anakumbuka jambo, na lilimuuma.

"Ulinipeleka nikiwa mdogo," akasema.

"Nilikupeleka. Ukasimama ukagoma kuondoka. Mlinzi akakubembeleza kwa pipi, hutaki. Siku ile nilirudi nyumbani mrefu hivi."

Katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake Lenzi alikuwa ameandika: picha hii ndiyo iliyonifanya nisome somo hili. Alikaa juu ya benchi akalia kwa sauti, bila aibu. Alimwonea baba yake huruma, na papo hapo alitamani kumpiga.

"Huyo mtunza stoo yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Si ndiye mkurugenzi sasa."

Lenzi akainua uso.

"Mkurugenzi gani?" Lenzi akasema, ingawa alishajua.

"Mkurugenzi wa jumba. Alipanda cheo taratibu, kama maji ya kisima."

"Baba, huyo ndiye atakuwa mbele yangu kesho."

Mzee akanyanyuka. Mnadhani aliogopa? Macho yalimng'aa. "Basi nitaje mbele yake. Mwalimu amekutaka mkono. Mpe. Upate digrii yako, nami nipate jina langu. Kwa mara moja tu, liandikwe kwenye kitabu cha chuo."

"Utafungwa!"

"Mimi ni mzee. Nitachora mabango ya gereza."

"Usifanye mzaha. Yeye ana mawakili, wewe una makopo. Atasema ulimwibia wewe. Utabeba wewe peke yako, na ile ya kweli ameshaila zamani. Sikutaji, baba. Hata waninyime digrii, sikutaji."

"Mwanangu..."

"Sikutaji!"

Shangazi akaokota ungo wake. "Kaka, mtoto amesema. Kaa kimya. Umenyamaza miaka yote hiyo, kesho ndiyo itakushinda?"

Fundi Brashi akarudi kwenye bango la kinyozi. Alichovya brashi, akaifuta, akachovya tena bila kupaka chochote.

"Utakavyo," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Lenzi alilala akiamini kwamba baba amekubali. Mzazi akikwambia "utakavyo", ndugu zangu, usilale.

*

Asubuhi chumba cha kutetea kilijaa. Wanafunzi walikuwa wamesikia kuna picha itakayovuliwa nguo, na kwa habari kama hiyo hata wavivu huamka mapema. Mama na Bakuli ilisimama kwenye kigoda chake cha mbao, uso wa mama yule umeelekea dirishani, mtulivu kama hayamhusu.

Mkurugenzi aliingia akisalimia kila mtu. Mtu wa sauti ya chini, suti nadhifu, mikono laini. Alimmiminia Lenzi maji kwa mkono wake mwenyewe.

"Kunywa, binti. Usituogope, sisi ni wazazi wako," akasema. "Nimeisoma kazi yako. Kivuli! Nimeishi na picha hii maisha yangu yote ya kazi, sikukiona."

"Asante, mkurugenzi."

"Na huyo mchora mabango unayemsema. Umempata?"

Aliuliza kama mtu anayeulizia ndugu wa rafiki. Lakini mkono wake ulikuwa umeacha kumimina.

Lenzi akasimama. Macho yake aliyakaza kwenye picha, kwa kuwa kumtazama Daktari asingeweza.

"Naomba nirekebishe," akasema. "Kivuli kipo. Lakini nilikosea kukisoma. Nimegundua kwamba Marehemu mwenyewe, ujanani, kabla hajajulikana, alichora mabango. Ile ni tabia ya mkono wake wa zamani. Kwa hiyo picha ni ya kweli. Tena kivuli hicho kinathibitisha kwamba ni yake."

Ulikuwa uongo mzuri, tuseme haki. Uongo wenye mikono na miguu. Chumba kizima kikanong'ona kwa kuridhika.

"Inaingia akilini kabisa," mkurugenzi akasema, akamalizia kumimina maji. "Kabisa."

Daktari alivaa miwani. "Hilo la mabango ya ujanani umelisoma wapi?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na watu wa zamani."

"Watu wa zamani." Daktari akavua miwani tena. "Jana ulikuwa na macho, Lenzi. Leo umeyaacha wapi?"

Swali hilo lilimchoma kuliko matusi. Huyu mama ndiye aliyemfundisha kusimama mbele ya picha hadi picha ianze kusema. Sasa alikuwa anamdanganya mchana kweupe, mbele ya watu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Lenzi haikufika hata mlangoni.

"Mwongo!"

Sauti ilitoka safu ya nyuma. Vichwa vikageuka vyote. Mzee mmoja alikuwa amesimama kati ya wanafunzi, koti lake la harusini limepigwa pasi, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Alikuwa ameingia mapema kabla ya wote, akajibanza kule nyuma. Alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba bintiye hatamtaja, au alikuwa amekuja kutumaini kwamba atamtaja. Sijui. Sidhani kama hata yeye alijua.

"Mwongo," Fundi Brashi akarudia, anashuka kati ya viti. "Marehemu hakushika bango hata siku moja! Msimsingizie mtu aliye kaburini. Mkono huu ni wangu."

Akanyoosha kidole mbele ya bakuli. Kwenye kucha kulikuwa na rangi nyekundu ya kinyozi.

"Kivuli hiki nilikipiga mimi. Na huu, mnauona? Huu ni mkia wangu. Nileteeni brashi niupige mwingine hapahapa."

Wanafunzi wakaanza kucheka. Mmoja akatoa simu. Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa anamkagua mzee kwa makini, kuanzia viatu kupanda juu, na alipofika usoni alitulia.

"Mzee wangu," Daktari akasema, kwa heshima, "wewe ni nani?"

Fundi Brashi alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Akageuka kwa bintiye, akanyoosha koti lake, akasubiri. Alitaka atajwe. Aseme yeye, msomi, kwa kinywa chake: huyu ni baba yangu, fundi fulani wa fulani, na kazi hii ni yake.

Daktari alifuata macho yake. "Lenzi. Unamfahamu mzee huyu?"

Mtanilaumu mimi, lakini kalamu haina huruma. Fikirini naye. Akisema ndiyo, mzee ameaminiwa, na akiaminiwa ameshafungwa. Akisema hapana, basi ni kizee kilichochanganyikiwa kilichopotea kikaingia chuoni. Kizee kilichochanganyikiwa hakifungwi. Kinashikwa mkono, kinatolewa nje, kinarudi nyumbani kwa dada yake kula chakula cha mchana. Lenzi alipima hayo yote kwa muda wa kumeza mate.

"Simfahamu," akasema.

"Una hakika?"

"Sijawahi kumwona."

Hakuna aliyecheka tena. Labda ni jinsi mzee alivyopokea neno hilo. Hakupiga kelele. Alimtazama bintiye kama anavyotazama bango lililonyeshewa kabla halijakauka, akitafuta palipobaki. Mikono ikashuka. Kidole kikatoka kwenye picha.

"Samahanini," akasema. "Nimemfananisha."

"Umemfananisha na nani, mzee?" Daktari akauliza taratibu.

"Na mwanangu."

Lenzi alishika ukingo wa meza. Moyo ulimwambia piga kelele, kimbia, mshike koti. Akili ikamwambia subiri, anatoka sasa hivi, utampigia magoti nyumbani. Mlinzi wa mlangoni alikuwa tayari ameanza kuja. Zilikuwa zimebaki hatua chache tu uongo wake uwe umemwokoa.

Ndipo kiti kikasogea. Mkurugenzi alikuwa amesimama.

"Mlinzi, mwache," akasema kwa sauti yake ya chini. "Mimi namfahamu."

Akazunguka meza. Akamwendea mzee, akapokea mkono wake kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee wangu. Siku nyingi mno."

Fundi Brashi alimtazama.

"Marahaba," akasema. "Afadhali wewe unanifahamu."

"Nikusahau vipi? Twende. Hapa pana kelele, watoto wanatupiga picha. Gari liko chini, twende mahali tukaongee kiutu uzima, mimi na wewe."

"Twende, mwanangu," mzee akamjibu mkurugenzi.

Wakatoka wameshikana mikono. Fundi Brashi hakugeuka nyuma. Mkurugenzi aligeuka. Alimtazama Lenzi na kumpa tabasamu dogo la shukrani, kama mtu aliyetuliwa mzigo begani, kisha akauvuta mlango ukafungwa.

"Haya," Daktari akasema, akitafuta ukurasa aliokuwa ameuacha. "Kwa hiyo, binti, kwa maneno yako mwenyewe, mzee yule humjui, na picha hii ni halali. Niandike hivyo?"

Chini, kwenye maegesho, mlango wa gari ulifungwa. Kisha wa pili.